Mpunga Uliotiwa Damu ya Mamba

Nyinyi mlioingia ghalani juzi na viatu vyeupe, someni haya polepole. Nayaandika kwa mkono wangu, kwenye daftari la mjukuu ambalo ameliacha nusu kwa uvivu. Shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kuamia ndege kwenye mpunga wa baba, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, isomeni hivyo hivyo ilivyolala. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, mtaulizana wenyewe. Mimi nataka kuwaambia habari za mbegu na za panya, na za kitabu kimoja kilichotaka kulaza bonde zima njaa. Na katika hicho kitabu mkono wangu umo, kama mtakavyoona.

Nilikuja ghala la mbegu la Garsen kufagia. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Jillo, mtunza mbegu, ameketi juu ya gunia. Hakuniuliza jina.

"Una meno?"

"Ninayo."

"Yote?"

"Yote, Mzee."

"Weka ufagio. Njoo huku."

Nilidhani nimeangukia kwa mwenye wazimu. Kumbe mpunga uliokauka sawasawa, punje yake ukiing'ata inakatika kwa mlio, ta! Wenye unyevu unalalia jino kama kiporo. Mzee Jillo alikuwa amebakiwa na meno mawili, tena hayakutani, na ghala lilikuwa limejaa. Basi mimi niling'ata mpaka taya zikaniuma, na yeye akasikiliza kwa sikio akisema, "Hili ndani. Hili lirudi juani." Enzi hizo mbegu ilikuwa haipakwi dawa. Nyinyi msing'ate. Narudia kwa yule atakayeruka mstari: msing'ate.

Alinifundisha mambo mawili makubwa. La kwanza, mbegu huijui kwa sura wala kwa karatasi iliyobandikwa gunia. Unachukua kile chuma chenye mfereji, unachoma gunia tumboni, unavuta mbegu za katikati, kwa sababu za juu zimewekwa zikutazame. Unahesabu punje mia, unazilaza kwenye kitambaa kibichi, unakikunja, unakiweka karibu na jiko lakini si juu ya jiko. Baada ya siku kadhaa unakunjua na kuhesabu zilizoamka. "Iamshe kwanza," alikuwa akisema, "ndipo umpe mtu." Nimeona magunia yenye mihuri mitatu na ndani yake wafu watupu.

La pili ni panya. Panya wa Garsen anatafuna saruji. Dawa yake ni karatasi: unailoweka, unaiponda na udongo na pilipili kali, unasindilia tunduni kwa mpini wa ufagio. Akitafuna mara moja anahama na jamaa zake. Kwa hiyo mtunza mbegu hapiti karatasi isiyo na mwenyewe bila kuiokota. Kumbukeni hilo, litarudi.

Mzee Jillo alipostaafu aliniachia kile chuma na stuli isiyo na mguu mmoja. Alikwenda kwao Kinakomba, na kila nilipompelekea salamu alijibu swali moja tu, "Panya?"

Miaka ikaenda. Mafuriko yakija tunapandisha magunia darini, yakishuka tunayashusha. Niliwahi kulala siku tatu juu ya magunia pamoja na mbuzi ambaye mpaka leo hajajulikana wa nani. Mbuzi yule alikuwa na adabu kuliko makarani wawili niliofanya nao kazi, lakini tuyaache hayo.

Karani aliyefaa alikuja baadaye, Zena, binti wa Kipini. Yule mtoto Kiswahili anacho. Akisema "gunia limetoboka" utafikiri anasoma kasida. Ndiye sasa mkubwa wenu. Msimchezee.

Basi mwaka mmoja mafuriko yalikuja mabaya. Yalibeba vihenge vya watu Idsowe na Chara, mbegu za nyumbani zote zikaenda na maji. Barabara ilikatika, na mwalimu mmoja wa kilimo kutoka bara, aliyekuja kupima udongo, akanaswa kwetu. Alilala chumba cha pembeni ya ghala mpaka akapata mashua. Alisahau fulana moja na kitabu kinene cha Kizungu. Fulana niliifanya tambara. Kitabu mchwa walikuwa wamekila ganda, na karatasi za mbele zinaning'inia. Niliziondoa zile zinazoning'inia, kikabaki nadhifu, nikakiweka dirishani.

Zena alikiona, akakisoma ukurasa mmoja, chai yake ikapoa.

"Mama Komora, hiki ni riwaya ya kutisha."

"Inatisha nini?"

"Watu wanaochezea mbegu."

Mtu ukimwambia mtunza mbegu maneno hayo, atafanyaje? Nilimwambia asome kwa sauti wakati sisi wanawake tunapepeta. Akawa anasoma na kugeuza Kiswahili papo hapo, kila siku mchana, mgongo ukutani, jua utosini. Na kazi ilikwenda, wallahi. Siku ya kitabu tulipepeta magunia mara mbili ya siku ya kawaida, maana hakuna aliyetaka kuondoka.

Kitabu kilikuwa hivi. Kuna Dakta anayevaa glavu nyeupe hata akila. Anaishi nchi yenye mto na mafuriko kama kwetu. Anataka mpunga usiokufa maji. Basi anamchukua mamba, anatoa ile siri inayomfanya azibe pumzi, anaitia kwenye mpunga. Mpunga unazama wiki mbili, unatoka kijani. Watu wanapiga makofi. Kisha waliokula wanaanza kupenda maji. Mlinzi wa lango anakutwa amelala kwenye pipa. Bibi harusi anapotea usiku wa harusi, anakutwa kisimani, macho wazi, anasema tangu azaliwe hajalala vizuri hivyo. Inspekta mmoja mwanamke anamfuata yule Dakta kwa boti, na boti lenyewe limebeba wali.

Zena akifika hapo alikuwa anafunga kitabu. "Kesho inshallah." Tungemuua.

Siku moja saa nne asubuhi natoka na ungo kichwani, nikakutana na Halima, mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Anapita nyumba kwa nyumba kutoka kwetu mpaka Idsowe, na hapiti kimya.

"Habari za ghalani, Mama Komora?"

"Habari gani, Halima! Dunia imeharibika. Daktari ametia mpunga damu ya mamba. Waliokula wanalala visimani."

Halima akatua kibuyu. "Lini hiyo?"

"Sisi tumesikia jana."

Nilikuwa nataka kumwambia na mambo ya kitabu. Lakini pale pale lori likapiga honi, mbegu za mgao zimefika, nikakimbia. Bwana Shamba, yule afisa wetu wa kilimo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa amesimama juu ya magunia anapiga kelele kwa furaha: "Hii haifi maji! Izame wiki mbili, itatoka kijani!" Gunia moja likapasuka. Mbegu zikamwagika, zimepakwa dawa, nyekundu.

Halima alitazama zile mbegu. Akanitazama mimi. Akachukua kibuyu chake akaenda, hakutuuzia hata kikombe. Muuza maziwa akiondoka na maziwa yake ni dalili, lakini mimi nilikuwa nahesabu magunia.

Siku ya mgao hakuja mtu. Siku ya pili akaja mzee mmoja wa Chara, akachungulia mlangoni, akauliza kama tumelala vizuri na wapi, akaondoka kinyumenyume. Siku ya tatu tulisikia kijana wa Idsowe amerudishiwa posa kwa sababu alikaa mtoni kuoga mpaka mapovu yakaisha.

Zena alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama bonde. Nyinyi mliokulia kwenye pampu za kumwagilia hamjui. Maji yakishuka, tope halisubiri mtu. Leo linakushika kifundo, kesho kidole, siku chache zijazo limepasuka kama kisigino changu. Mbegu isipoingia hapo, mwaka umekwenda. Na mbegu nyingine haikuwepo: za nyumbani mto ulikuwa umezibeba zote, na tulizokuwa tunapepeta ghalani zililowa, hazikuamka tena. Ilikuwa ni hii nyekundu au njaa.

Bwana Shamba akaitisha mkutano Idsowe, saa sita mchana, na kipaza sauti. Akaeleza vizuri, lakini kwa upande usiofaa.

"Ndugu zangu, hii haina mamba! Ni mpunga kwa mpunga! Wamechukua unga wa ua hili wakapeleka kwenye ua lile, kama nyinyi mnavyochagua fahali. Kila kilicho hai kina chembe zake za urithi..."

"Hata mamba?" aliuliza mama mmoja.

"Ndiyo, hata mamba anazo chembe."

"Na mpunga?"

"Hata mpunga."

"Basi si ndiyo hayo!" Nusu ya watu wakasimama, wakakung'uta kanga.

Akatokea mwingine: "Kama ni salama, Mama Komora aile mbele yetu."

Nikasema, "Siili. Hiyo ina dawa. Mbegu ya dawa hailiwi hata ikitoka peponi."

Nilisema kweli tupu, na sijawahi kuona kweli ikifanya uharibifu kama ule. Zena akajaribu kuokoa. Akanyanyua kitabu juu: "Jamani, mambo ya mamba yametoka humu! Ni riwaya! Mtu amekaa kitako akatunga!"

Hapo akasimama Mama Kadzo. Huyu ni Mgiriama wa Idsowe, kiongozi wa kikundi cha wanawake, tumejuana tangu hatujaolewa. Akimaliza kusema, wanawake wengine hawana la kuongeza. Akapokea kitabu, akakigeuza.

"Mwanangu, nionyeshe palipoandikwa kwamba ni uongo."

Zena akafungua. Kitabu kilianza ukurasa wa tisa.

"Ukurasa huo... haupo, mama."

"Kina mwili, hakina kichwa," akasema Mama Kadzo, akamrudishia. Mkutano ukaisha. Bwana Shamba alibaki anaongea na kipaza sauti na kuku wawili.

Nilimfuata Mama Kadzo mpaka kwake. Alikuwa ameketi kizingitini anatazama shamba lake, tope tupu, linang'aa.

"Kadzo amekuwa mjinga lini?" aliniuliza. Alikuwa na maana ya yeye mwenyewe. Akikasirika hujiita kwa jina la mwanawe.

"Hakuna aliyekuita mjinga."

"Mnaniona mwanamke anayeogopa hadithi. Mimi mto huu ulimchukua kaka yangu mchana kweupe, nikiwa nimeshika ndoo. Nina wajukuu watano na mto ni ule pale. Niwalishe kitu kitakachowaita majini? Heri tule matunda ya msituni."

Nikamwambia, "Lakini yale ni hadithi, dada. Hadithi tu."

"Hadithi!" Akanigeukia. "Halima alikuja hapa anatetemeka. Nikamuuliza, nani kasema? Akasema Mama Komora. Nikamuuliza, saa ngapi? Akasema saa nne asubuhi, ana ungo kichwani. Mimi nikasema basi ni kweli. Mama Komora ninayemjua mimi hawezi kutoa hadithi jua likiwa juu. Nani alisema 'paukwa'? Nani aliitika?"

Nikakaa chini.

Maana ni kweli, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kwetu mtoto akitoa hadithi mchana huambiwa ataota pembe. Mchana ni wa kazi na wa habari. Hadithi ina saa yake, jua likizama, na ina mlango wake: anayetoa anaita, wanaosikiliza wanaitikia, kila mtu anajua sasa tumeingia kwenye nchi ya sungura kusema. Nimewachapa wanangu kwa kosa hilo. Halafu mimi, kichwa cha mvi, nikatoa hadithi saa nne, bila kuita, mkono kiunoni. Ingekuwaje isiwe habari?

"Mama Kadzo," nikamwambia, "leo jua likizama, ita wanawake wako. Waje na wajukuu."

"Kufanya nini?"

"Nitairudia kwa mlango wake."

"Uje na yule wa Kipini. Wewe huna sauti."

Basi jua lilipozama tulikuwa ua mzima, mikeka imejaa. Hata Halima alikuja, akakaa karibu na njia ya kukimbilia. Zena akasimama na kitabu chake kisicho na kichwa.

"Paukwa!"

Kimya. Watu wakatazamana. Wasipoitikia hakuna hadithi, na pasipo hadithi hakuna kupanda. Zena akarudia, "Paukwa!" Kikatoka kisauti kimoja cha mjukuu, mtoto wa miaka minne aliyekuwa mapajani kwa Mama Kadzo: "Pakawa!" Bibi yake akamtazama. Kisha yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayetia saini, akasema, "Pakawa."

Na ua wote ukafuata.

Hapo ndipo niliona maajabu. Maneno yale yale. Dakta yule yule na glavu zake. Lakini mlinzi alipokutwa kwenye pipa, mtu akacheka. Bibi harusi alipolala kisimani, mama mmoja akapaza sauti, "Mwacheni, bwana harusi mwenyewe anakoroma!" Walipofika kwenye boti, Halima, yule aliyetetemeka, akakatiza, "Huyo Inspekta ni mjinga, amwage wali mtoni mamba wafuate ndugu zao!" Zena akasema si hivyo kitabuni. Wakamwambia afunge kitabu, kitabu hakijui. Wakaimaliza wenyewe: Dakta akala mpunga wake, akawa mamba, akawekwa kizuizini kwenye beseni, na mpaka leo polisi wanambadilishia maji.

Mama Kadzo hakucheka sana. Watu walipokuwa wanakunja mikeka aliniuliza swali moja. "Hii nyekundu, nikivuna, naweza kuweka mbegu yangu mwenyewe, niipande tena mwakani? Au itanibidi nije mlangoni kwako kila mwaka?"

Wanangu, hilo ndilo swali. Kwenye mkutano wote ule hakuna aliyeliuliza, mimi mtunza mbegu nikiwa wa kwanza. Yule aliyetunga kitabu nadhani hilo ndilo alilotaka tuliogope, yule mamba ni nyama ya mtego tu. Nilimwambia sijui, lakini akivuna nitaiamsha nione. Kesho yake nilimbana Bwana Shamba, akaniapia kuwa inawekeka. Sikumwamini. Kiapo si kitambaa kibichi.

Asubuhi ile wanawake walikuja na makapu kabla sijafungua mlango. Niliwafunga vitambaa mkononi kwa sababu ya dawa, nikawapimia. Siku hiyo hiyo mbegu iliingia kwenye tope, nyingine mpaka jioni, watu wameinama mstari mmoja kutoka Idsowe. Tope lilikuwa limebakiza siku mbili kupasuka. Mzee wa Chara alipanda pia, ila mpaka mavuno alikuwa anaoga kwa kikombe.

Mpunga ukaota. Ndege walikula sehemu yao kama kawaida, kiboko akapita katikati ya shamba la mtu kama kawaida. Mama Kadzo alivuna, akaleta punje mia kutoka kwenye mavuno yake. Tulizilaza pamoja. Tulipokunjua kitambaa alihesabu yeye, mimi nikahesabu, akahesabu tena. Zilizokataa kuamka hazikuzidi vidole vya mkono. Akafunga kitambaa akaenda nacho, hakuaga. Tangu hapo mbegu yake ni ya kihenge chake.

Sasa nimalizie. Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa nakabidhi ghala kwa Zena, kona kwa kona. Kwenye ukuta wa nyuma tundu moja la panya lilikuwa limelegea. Akavuta ile karatasi kwa kidole, ikatoka kavu, imekaza kama mkate, inanuka pilipili. Zena hawezi kuona karatasi bila kuifungua. Akaikunjua taratibu.

Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, akigeuza Kiswahili kama zamani: "Watu wote na mambo yote ya kitabu hiki ni ya kubuni."

Nikaokota ufagio nikaanza kufagia.

"Mama Komora," akasema, "ukurasa huu nani aliuleta hapa?"

"Panya," nikasema.

"Na udongo? Na pilipili?"

"Panya wa Garsen hawa, mwanangu. Wewe wa Kipini huwajui."

Aliniaga kwa adabu zote na hakusema tena. Lakini mimi ni mtu wa kanisani na naandika kwa wino, kwa hiyo Zena, ukifika hapa: haikuwa panya.

Nyumbani wajukuu wana simu. Juzi, saa tano asubuhi, mmoja akaingia jikoni mbio: kuna nchi wamezaa kuku mwenye miguu minne, na waliomla wanawika. Mama yake akaanza kulia, nilikuwa nimechinja kuku. Nikazima jiko, nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawasimamisha uani, nikawaamuru: katika nyumba hii hadithi ni jua likizama, na simu ni hivyo hivyo, na atakayeleta jambo mchana, alete na ukurasa wake wa kwanza.